Ombi la Kurudisha Dukani Biti Zinazotoboa Vizuri Mno

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ununuzi,
Ushirika wa Mafundi wa Milango na Madirisha.

Kutoka kwa Mnoaji, karakana ya nyuma.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wajumbe wako wote, pamoja na ile feni ya ofisini kwenu ambayo nasikia imepona. Sisi huku karakana hatujambo kimwili. Nikumbushe mapema kwamba wewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, lakini leo nakuandikia kikazi. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii ukiwa kwenye kiti cha ofisi, siyo kile cha sebuleni kwangu unachokilalia kila Jumapili.

KUHUSU: SETI MPYA YA BITI KUMI NA TISA

Wiki tano zilizopita kamati yako iliamua kwamba karakana inunue seti bora ya biti, yaani vile vyuma vilivyosokotwa tunavyovifunga kwenye mashine ya kutobolea matundu. Seti ikanunuliwa. Ni biti kumi na tisa, kuanzia milimita moja mpaka kumi, zinazopanda kwa nusu milimita, ndani ya sanduku la chuma ambamo kila moja ina kitundu chake cha kukaa. Tangu siku hiyo karakana imeharibika. Sitii chumvi. Milango inatoboka vizuri, hilo sikatai, na hilo hasa ndilo ninalolilalamikia.

Kwa miaka ishirini na mitatu nimekuwa na kazi moja tu hapa, kunoa biti. Zile za zamani, zilizopakwa rangi ya dhahabu inayobaki vidoleni, zilikuwa zinatoboa tundu moja na nusu, zinakuwa butu, na fundi anazileta kwangu kwenye jiwe la kunolea la umeme. Siku yenye kazi nilinoa hata arobaini. Tangu seti mpya ije nimenoa vitu viwili: kisu cha dada yako cha vitunguu, na mkasi wa kinyozi wa jirani ambao haukuwa na shida yoyote. Na Jumatatu msimamizi wa karakana ameandika kwa chaki ubaoni, mbele ya kila mwenye macho, kwamba kuanzia mwezi ujao Mnoaji atahamia chumba cha rangi kupiga msasa milango.

Basi naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, ili kamati isije ikasema nimeandika kwa hasira. Hasira ninazo, ila nimezipa namba.

1. Kosa la kwanza ni la kamati kunisikiliza. Mlitafuta mtu wa kuchagua seti nzuri, mkaniita mimi, mkasema, “Wewe ndiye unayezijua biti.” Jamani, mtu mzima na akili zake timamu anamtumaje mnoaji akachague biti zisizoisha makali? Mlipaswa kunikataza. Mlipaswa kujua kwamba fundi akiulizwa jambo la fani yake huvimba kichwa, na kichwa kikishavimba hawezi tena kufikiria tumbo lake.

Nami kilinivimba kweli. Niliingia maduka matatu. La kwanza nililetewa seti inayong'aa kama vikombe vya mashindano. Nikapitisha kidole, dhahabu ikabaki kidoleni, nikamrudishia mwenyewe na kidole nikakifutia kwenye kaunta yake. La pili biti hazikuwa na alama yoyote kwenye shina, na biti isiyoandikwa imetengenezwa kwa chuma gani mimi huichukulia kama barua isiyo na sahihi. La tatu nikaziomba zote kumi na tisa, nikazibingirisha moja moja juu ya kioo cha kaunta, maana biti iliyopinda ikibingirika ncha yake hucheza, na iliyonyooka hutulia. Kisha nikaziinua kwenye mwanga wa mlangoni nikaangalia makali mawili ya ncha kama yanalingana, kwa sababu yakizidiana hata unywele, tundu linatoka pana kuliko biti yenyewe. Mwisho nikatoa mfukoni kipande cha chuma kinene nilichotoka nacho karakana, nikamwambia muuza vifaa, “Nitobolee hapa.” Akasema, “Mzee wangu, hakuna mteja anayefanya hivi.” Nikamjibu, “Leo yupo.”

Akatoboa. Zikatoka nyuzi mbili za chuma, ndefu, zimejikunja sawasawa huku na huku, bila moshi wala kelele. Machozi yalinilengalenga, shemeji. Muuza vifaa akanipa kiti na maji ya kunywa.

Nikarudi na seti kifua mbele. Nilipofika getini ndipo nilipogundua kwamba nimemwaga unga wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Kamati ilikuwa wapi wakati huo? Nasikia mlikuwa mnakunywa chai.

2. Kasi. Unamfahamu fundi wetu wa bawaba, yule tunayemwita Milimita kwa sababu hupima hata kipande cha mkate kabla ya kumkatia mwenzake. Zamani tundu moja la bawaba lilimchukua muda wa kutosha kusimulia habari za wakweze tangu mwanzo, na tulipokuwa tunabadilisha biti alikuwa anavuta pumzi. Mlango mmoja una bawaba tatu, kila bawaba matundu sita. Hesabu mwenyewe tulikuwa tunajua mangapi kuhusu ukoo ule. Sasa tundu linakwisha kabla hajafungua kinywa. Wiki ya kwanza ya seti mpya alianza kutusimulia jinsi mama mkwe wake alivyopanda juu ya paa na kukataa kushuka, biti ikapenya upande wa pili, akaondoka na mlango wake. Huu ni mwezi wa pili unaingia. Mama wa watu yuko juu ya paa na hakuna anayejua alipandia nini. Kazi imekwisha, mlango umeshapelekwa kwa mteja, na watu wazima kumi na mmoja hawana amani.

Nimemwomba Milimita atumalizie bila kutoboa kitu. Amesema mikono ikiwa mitupu maneno hayamjii.

3. Ukimya. Biti za zamani zilikuwa zinapiga yowe mpaka majirani walikuwa wanafunga madirisha tuliyowauzia sisi wenyewe. Hizi mpya zinakwenda kimya. Kwa mara ya kwanza tunasikiana, na hilo, Ndugu Mwenyekiti, hakuna aliyelifanyia utafiti. Mchomeleaji wetu, Cheche, amefanya kazi ukuta kwa ukuta na Mama Rangi, mkuu wa chumba cha rangi, kwa miaka tisa. Miaka yote hiyo Cheche alikuwa anamwona Mama Rangi dirishani midomo inacheza akidhani anaimba, naye kwa adabu alikuwa anatikisa kichwa kufuata mdundo. Siku ya pili ya seti mpya akasikia alichokuwa anasema. Alikuwa anamsema yeye. Siyo leo tu, ni miaka tisa, na kwa jina la mama yake. Mama Rangi naye amekasirika, anasema, “Kwa hiyo ulikuwa unatikisa kichwa kukubali, kumbe ulikuwa hunisikii?”

Sasa hawasalimiani. Ujumbe unapitia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee asiye na kazi. Na huyo ndiye mnayetaka kunipeleka nikakae naye chumba kimoja.

4. Sanduku. Hapo awali biti zilikaa kwenye kopo la rangi lililokatwa mdomo. Hakuna aliyejua ziko ngapi, kwa hiyo hapakuwa na mwizi hata mmoja katika karakana yetu kwa miaka ishirini na mitatu, rekodi ambayo sidhani kama ofisi yenu inayo. Sanduku jipya lina vitundu kumi na tisa vyenye namba za milimita. Alhamisi iliyopita kitundu cha sita na nusu kilionekana kitupu. Msimamizi akafunga mlango mkubwa. Tukapekuliwa mifuko. Vyombo vya chakula vikafunguliwa, na hapo mambo mengi ambayo hayahusu biti yakajulikana, likiwemo la Cheche kudai kila siku kwamba hajala. Mimi mwenyewe nilivuliwa viatu. Aliyeongoza msako huo alikuwa Milimita, mkali kama nini, mkono mmoja anatunyooshea kidole, mkono mwingine ameshika mashine. Baada ya robo saa tukaiona biti ya sita na nusu. Ilikuwa kwenye mashine yake, inazunguka. Alikuwa hajaacha kutoboa muda wote huo.

Hakuna aliyecheka. Tumezoeana vibaya na hilo sanduku, kila anayepita anahesabu kwanza ndipo anatoa salamu.

5. Lalamiko la tano nimeliondoa. Dada yako aliisoma rasimu ya barua hii nilipokuwa naoga, akalipigia mstari na kuandika pembeni, “Hapa umedanganya.” Namba nimeiacha ili mjue lilikuwepo.

6. Wateja. Tulikuwa na mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu, mama mwenye heshima zake. Mlango wake ulikuwa na bawaba iliyofungwa kwenye tundu pana, kazi ya biti za zamani, na kila baada ya siku kumi ulikuwa unalegea anauleta. Miaka miwili! Alikuwa anakuja na mlango begani, anakaa kwenye benchi letu, anatusahihishia Kiswahili, anatuuliza watoto wanaendeleaje shuleni. Alimfundisha Cheche kuandika vizuri jina lake lote. Seti mpya ilipofika tukamtobolea matundu mapya upande wa pili, yakakaa sawasawa, bawaba ikashika. Akatushukuru, akaenda. Hajarudi.

Nilipiga moyo konde nikapita mtaani kwake, nikijisingizia njia. Nilitaka tu kuona kama mlango umelegea. Haukuwa umelegea. Ulikuwa umefungwa barabara, umekaa kwenye fremu yake kama umezaliwa nayo. Nilibisha hodi taratibu, lakini mlango tulioutengeneza haupitishi sauti, na mwenyewe hakutoka. Nilisimama pale kidogo, nikaugusa ule mlango, nikarudi kazini. Hivi ushirika umeanzishwa ili watu wafungiwe ndani na sisi tubaki nje? Naomba kumbukumbu za mkutano zijibu.

7. Hili linakuhusu wewe binafsi, kwa hiyo kaa vizuri. Ubora unaambukiza. Mafundi walipoona kitu kimoja kizuri karakana, macho yakawafunguka kwa vingine vyote. Walianza na benchi, wakasema lina mguu mfupi. Ni kweli, lakini ulikuwa mfupi kabla baadhi yao hawajaoa, na walikaa. Wakaja kwenye paa linalovuja. Wakaja kwenye chupa ya chai isiyohifadhi moto. Jumanne wakaja kwenye kamati.

Kosa ni langu, nakiri, kwa sababu niliwaeleza kwa kujisifu jinsi nilivyochagua ile seti. Wamechukua njia nne kati ya zile zangu wakaziandika kwenye kipande cha ubao: usidanganywe na mng'aro; tafuta maandishi ya kweli kwenye shina; mbingirishe juu ya kioo uone kama amenyooka; mjaribu kwenye chuma kigumu kabla hujamkubali. Utaona mwenyewe wameshaanza kuandika kama wanazungumzia mtu. Azimio lao ni kwamba uchaguzi ujao wa wajumbe uendeshwe hivyo, na tayari Cheche ameshakwenda kupima kioo cha mita mbili kwa moja.

Shemeji, mimi nakupenda. Lakini nimekuona ukilala pale kwangu Jumapili, na ninajua namna unavyobingirika. Hutatulia.

8. La mwisho ni langu mwenyewe na nitalisema bila kupindisha. Naogopa. Nina umri wa miaka hamsini na minane. Sijui kutengeneza mlango, sijui kuchomelea, sijui kuchanganya rangi. Ninachojua ni kushika biti kwa vidole vitatu, kuiegemeza kwenye jiwe, kuisukuma mbele na kuizungusha kidogo, na kuacha kabla chuma hakijageuka bluu kwa joto. Pembe ya ncha, nyuzi mia moja na kumi na nane, naijua kwa jicho, bila kipimo. Hakuna mahali pengine duniani ambapo jambo hilo lina faida. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, huwa nasema mimi ni mnoaji, na nikisema hivyo najisikia nimenyooka. Mwezi ujao akiniuliza nitasema napiga msasa, na mtu yeyote mwenye mkono anaweza kupiga msasa. Dada yako ananiambia kazi ni kazi. Nimemwambia ndiyo. Kisha nimekwenda kukaa uani kwa muda mrefu bila kufanya lolote, naye akaja akakaa pembeni yangu.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Sasa naleta maombi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maelewano nimeyaweka matatu ili kamati ichague.

(a) Seti irudishwe dukani. Nimeisoma dhamana iliyo chini ya kifuniko cha sanduku kwa makini sana. Inasema biti itapokelewa ikiwa imevunjika, imepinda au imepoteza makali isivyo kawaida. Haisemi chochote kuhusu biti zinazokataa kabisa kufanya hivyo. Huu ni upungufu mkubwa wa kisheria na naamini ushirika wenye msimamo unaweza kuutumia. Nipo tayari kwenda mwenyewe kumweleza muuza vifaa, ingawa sina hakika kama atanipa kiti mara ya pili.

(b) Kama haiwezekani, basi zitiwe ubutu kwa utaratibu rasmi. Kila Jumatatu asubuhi kamati ifike karakana, wajumbe wasimame kwa mstari, na kila mmoja asugue biti yake kwenye sakafu ya saruji mpaka ife makali, mwenyekiti akianza na ya milimita kumi kwa heshima ya cheo chake. Kisha mimi nitazinoa. Kufikia saa nne zitakuwa kama zilivyokuwa na kila mtu atakuwa amefanya kazi yake. Nafahamu wapo watakaouliza faida yake ni nini. Na mimi nitawauliza faida ya mikutano yenu ya Jumatano, halafu tuone nani atanyamaza kwanza.

(c) Kama nalo litashindikana, seti hii ifungiwe kabatini itumike siku za wageni tu, na siku za kawaida turudi kwenye kopo la rangi. Mafundi watanung'unika wiki moja, watazoea. Mimi nimewazoea wao.

Ili kamati isiseme naongea hewani, nimeamua kuambatanisha ushahidi. Pamoja na barua hii mtapokea biti ya milimita nane kutoka kwenye seti hiyohiyo, ambayo nitakuwa nimeisugua sakafuni mpaka imekuwa butu kabisa, ili mwone kwa macho yenu kwamba hata hizi mnazozisifu zinaweza kushushwa chini zikalingana na sisi wengine. Naifanya kazi hiyo mara tu nikishaweka sahihi hapa.

Namalizia kwa kuwatakia wajumbe wote uamuzi mwema na wa haraka, kabla chaki ya msimamizi haijakauka. Nisalimie katibu na mguu wake. Nisalimie mhazini, mwambie kile kitasa alichokuwa anakitafuta nimekiona. Nisalimie yule mjumbe ambaye hulala mkutanoni, umsalimie akiamka. Msalimie wifi wa dada yako, yaani mkeo, na watoto wote kwa idadi yao. Dada yako anakusalimia pia na anasema ile sufuria uliyoichukua ina kifuniko chake, uje ukichukue au urudishe sufuria.

Wako katika ujenzi wa ushirika, na shemeji yako kuanzia Jumamosi jioni,

MNOAJI
(mpaka mwisho wa mwezi huu)

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, ushahidi haupo kwenye bahasha. Naomba nieleze.

Baada ya kuweka sahihi nilikwenda karakana wakati wenzangu wamekwenda kula. Nikaitoa biti ya nane, nikapiga magoti, nikaisugua kwenye saruji kama nilivyoahidi. Ilinichukua muda, maana chuma chake ni kiburi, lakini mwishowe ikafa makali. Nikainyanyua kwenye mwanga nihakikishe ni butu vya kutosha kuaibisha kamati. Ilikuwa butu. Nikasimama kwenda kutafuta bahasha. Njiani lipo jiwe langu la kunolea. Sikuliwasha kwa makusudi, shemeji, naapa. Mkono ulishaliwasha. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshanoa upande mmoja, na mnoaji haachi biti upande mmoja.

Sijui nikwambieje. Zile za zamani ukizigusisha jiwe zilikuwa zinamomonyoka, unanoa leo, kesho haupo ukali wala haupo urefu. Hii ilikaa. Ilipokea kila nilichoipa ikakishika. Nilijaribu kwenye kile chuma changu kinene, ikazama, nyuzi zikatoka ndefu kuliko zile za dukani. Milimita alikuwa amerudi, akaona, akaenda kuchukua ya sita na nusu kwenye sanduku, nzima, mpya, haina kosa, akaniwekea mkononi akasema, “Nifanyie na hii kama hiyo.” Cheche naye akaja. Mama Rangi alisimama mlangoni akanitazama, halafu akamwambia msimamizi kwa sauti ambayo sasa wote tunaisikia kwamba yeye chumbani kwake hataki mikono ile ichezewe kwenye msasa. Msimamizi amefuta ubao kwa kiwiko cha shati.

Kwa hiyo barua hii ichaneni. Kama mmeshaijadili, semeni iliandikwa na mtu mwingine. Wakikubana umtaje, sema ni mzee fulani aliyekaa kwenye jiwe la kunolea miaka ishirini na mitatu, kila siku ananoa, na katika muda wote huo hakuwahi hata mara moja kupewa biti iliyostahili kunolewa.